Tishu ya Samaki Chini ya Hadubini: Utayarishaji Wake na Usomaji Wake

Histolojia ni tawi la biolojia linalochunguza tishu, yaani makundi ya seli zinazoshirikiana kufanya kazi moja katika kiungo, na chombo chake kikuu ni hadubini ya mwanga. Kwa upande wa samaki, tawi hili hutegemewa kutambua magonjwa, kupima athari za uchafuzi wa maji na kujua samaki amefikia hatua gani ya uzazi. Hoja inayotetewa katika mhadhara huu ni kwamba hukumu inayotolewa mezani pa hadubini huwa imekwisha kuamuliwa, kwa sehemu kubwa, kabla slaidi haijatengenezwa. Huamuliwa ndani ya mtumbwi, ukingoni mwa bwawa au juu ya kizimba cha kufugia, katika dakika chache zinazopita kati ya kifo cha samaki na kuzamishwa kwa kipande cha kiungo chake katika dawa ya kuhifadhia. Lenzi iliyo bora kuliko zote haiwezi kurudisha kilichopotea katika dakika hizo.

Samaki anapokufa, damu husimama na oksijeni hukatika, lakini vimeng'enya vilivyomo ndani ya seli haviachi kazi, bali huanza kuzivunja protini na tandu za seli zilezile zilizovitengeneza. Hali hiyo huitwa otolisisi, yaani tishu kujimeng'enya yenyewe, nayo si sawa na kuoza, kwa kuwa kuoza hufanywa na bakteria na huja baadaye, ijapokuwa penye joto mambo hayo mawili hufuatana kwa karibu sana. Kasi ya otolisisi hutegemea joto na aina ya kiungo: misuli huvumilia kwa saa kadhaa, ini na figo huharibika mapema zaidi, na utumbo pamoja na matamvua, ambayo wavuvi wengi huyaita mashavu, huanza kubadilika ndani ya dakika chache, utumbo kwa sababu umejaa vimeng'enya vya chakula, na matamvua kwa sababu ngozi yake ni nyembamba mno. Sehemu kubwa ya mbinu zinazofundishwa leo ilikuzwa kwa samaki wa maji baridi, kama samoni na trauti, na mwanafunzi anayezifuata neno kwa neno anapochukua sampuli za sato wa Ziwa Victoria, ambaye maji yake huwa na joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, hujikuta amepewa muda ambao kwa hakika hana.

Kwa sababu hiyo, sampuli bora hutoka kwa samaki aliye hai hadi wakati wa kuchukuliwa, na katika uchunguzi wa ugonjwa hutakiwa samaki mahututi ambaye bado anapumua. Samaki aliyekutwa akielea huweza kufaa kwa vipimo vya vinasaba, lakini kwa histolojia thamani yake ni ndogo, hata kama macho yake bado ni maangavu na mnunuzi sokoni angemwona mbichi. Aliyegandishwa kwenye friza hafai kabisa, kwa kuwa maji yaliyomo ndani ya seli hugeuka fuwele za barafu zinazopasua tandu, na baada ya barafu kuyeyuka kinachobaki ni matundu na vipande visivyo na mpangilio.

Namna ya kumuua samaki nayo huacha alama. Pigo la kichwani, ambalo ni la haraka na kwa kawaida halina ukatili mwingi, huweza kupandisha msukumo wa damu kwa ghafla na kupasua nguzo ndogo zinazoshikilia mishipa ya matamvua, hata mishipa hiyo ikavimba kwa damu na kufanya mapovu mekundu. Hali hiyo, iitwayo telanjiektasia, huweza pia kusababishwa na ugonjwa au sumu, na asiyejua samaki aliuawaje hana namna ya kutofautisha. Ndiyo maana wachunguzi wengi hupendelea dawa za kulaza samaki. Trikaini, maarufu kwa jina la MS-222, hutumika sana, lakini huyafanya maji kuwa na asidi, hivyo huambatanishwa na sodiamu baikaboneti. Mbadala wake ulio rahisi kupatikana Afrika Mashariki ni mafuta ya karafuu, ambayo kiambato chake kikuu, eujenoli, humlaza samaki kwa kiasi kidogo na kumuua kwa kiasi kikubwa. Na kwa kuwa mafuta hayachanganyiki vizuri na maji, huyeyushwa kwanza katika etanoli. Karafuu, kwa kweli, si mgeni katika fani hii, kwa maana mafundi wa histolojia wa karne ya 19 walitumia mafuta yake kuzifanya tishu ziwe angavu, katika zama zilezile ambazo Unguja na Pemba zilikuwa zikilisha soko la dunia kwa zao hilo.

Dawa ya kuhifadhia ina kazi mbili: kusimamisha otolisisi na kuzifunga protini pamoja ili kila sehemu ya seli ibaki mahali pake. Mwaka 1893 Mjerumani Ferdinand Blum alionyesha kwamba formaldehaidi hukaza tishu, na tangu hapo formalini imekuwa dawa ya kawaida kuliko nyingine zote. Formalini inayouzwa madukani huwa na formaldehaidi ya kiasi cha asilimia 37 hadi 40, nayo hupunguzwa kwa kuchanganya sehemu moja na sehemu tisa za maji, kisha huongezwa chumvi za fosfati zinazoifanya isiwe na asidi. Fundi anayeziacha chumvi hizo kwa kuona kwamba ni gharama bure hulipa baadaye, kwa sababu formalini iliyokaa hutengeneza asidi ya fomiki, na asidi hiyo ikikutana na himoglobini ya damu hutoa chembe za kahawia iliyokoza ambazo huenea katika wengu na figo na kumfanya msomaji asiye makini adhani ameona rangi ya ugonjwa. Dawa nyingine iliyo maarufu, hasa kwa ovari, korodani na macho, ni ile iliyobuniwa na Mfaransa Pol Bouin mwaka 1897, ambayo ni mchanganyiko wa asidi ya pikriki, formalini na asidi ya asetiki. Huhifadhi viini vya seli kwa uzuri wa pekee, lakini asidi ya pikriki ikikauka hulipuka, na chupa yake iliyosahauliwa kabatini ni hatari isiyotakiwa kuguswa na mtu asiye mtaalamu. Formaldehaidi yenyewe imeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, kwa hiyo glavu na hewa ya kutosha ni sehemu ya kazi.

Formalini hupenya polepole. Katika saa ya kwanza huingia kiasi cha milimita moja tu, kisha kasi hupungua, na matokeo yake ni kwamba samaki mzima aliyetumbukizwa ndani ya ndoo ya formalini huhifadhika ngozi huku ini lake likiendelea kujimeng'enya. Kipande kinapaswa kisizidi unene wa milimita 5, kikatwe kwa wembe mkali bila kubanwa na koleo, na dawa iwe angalau mara kumi ya ujazo wa tishu. Chupa ndogo iliyoshindiliwa viungo hadi mdomoni ni kosa linalotokana na ubahili, na hakuna hatua ya baadaye inayoweza kulisahihisha. Vifaranga wenye urefu wa sentimita mbili au tatu huweza kuhifadhiwa wazima, mradi tumbo lipasuliwe kwanza. Baada ya saa 24 hadi 48 tishu huwa tayari, na pale penye mfupa, kama kwenye upinde wa matamvua, chokaa hutolewa kwa asidi ya fomiki au kwa EDTA, ambayo hufanya kazi taratibu lakini haiumizi seli.

Hatua zinazofuata ni za kawaida katika maabara yoyote ya histolojia na hazihitaji maelezo marefu. Maji hutolewa katika tishu kwa kuipitisha kwenye etanoli ya asilimia 70 na kuendelea hadi 100, etanoli hutolewa kwa zailini, na zailini hubadilishwa na nta ya parafini iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 56 hadi 60, ambayo ikipoa huwa tofali dogo lililoshika tishu ndani yake. Jambo moja tu linastahili kukumbukwa hapa, nalo ni kwamba etanoli na zailini huyeyusha mafuta. Ini la samaki wa kufugwa aliyelishwa vizuri huonekana kwenye slaidi likiwa limejaa matundu meupe, na matundu hayo ni mahali palipokuwa na mafuta au glaikojeni, wala si dalili ya kutosha ya ugonjwa. Anayetaka kuyaona mafuta yenyewe hulazimika kukata tishu iliyogandishwa kwa mashine maalumu na kuipaka rangi inayoshika mafuta.

Tofali la nta hukatwa kwa mikrotomu, mashine yenye kisu kisichotikisika na gurudumu linalosogeza tofali mbele kwa mikromita 4 au 5 kila mzunguko, mikromita moja ikiwa ni sehemu ya elfu ya milimita. Vipande hutoka vikiwa vimeungana mfano wa utepe, huwekwa vielee juu ya maji ya uvuguvugu ili vinyooke, kisha huokotwa kwa slaidi ya kioo. Hapa ndipo ufundi wa mkono unapoonekana, kwani kisu chenye pengo huchora mistari katika tishu, nta iliyo na joto hukunja kipande, na magamba au mchanga uliosahauliwa ndani ya utumbo huchana kila kitu. Ni hali isiyo ya haki kwamba jina la fundi huyu halionekani katika ripoti nyingi, ilhali kazi ya mwenye hadubini hutegemea mikono yake.

Tishu isiyotiwa rangi karibu haionekani. Rangi mbili zinazotumiwa pamoja katika kazi nyingi ni hematoksilini, itokanayo na gogo la mti wa Amerika ya Kati uitwao Haematoxylum campechianum, na eosini, ambayo hutengenezwa viwandani. Hematoksilini ikiunganishwa na shabu hushika viini vya seli na kuvipa rangi ya buluu inayoelekea zambarau, na eosini huupa waridi ule ute wa seli unaokizunguka kiini, pamoja na misuli na nyuzi za kuunganisha. Rangi nyingine hutumiwa kwa maswali maalumu: ile ya asidi ya periodiki na kitendanishi cha Schiff huonyesha seli za ute na glaikojeni kwa wekundu wa kukoza, na ile ya Ziehl na Neelsen, inayojulikana na kila maabara ya kifua kikuu, hufichua mikobakteria wa samaki, ambao mmoja wao, Mycobacterium marinum, alielezwa mwaka 1926 kutoka kwa samaki waliokufa katika hifadhi ya maonyesho ya Philadelphia.

Usomaji huanza kwa lenzi ndogo. Mazoea ya kukimbilia ukuzaji wa mara 400 au 1,000 humfanya msomaji aone seli na kupoteza kiungo, wakati maswali ya mwanzo ni kama kiungo kina umbo lake, kama uharibifu uko mahali pamoja au umeenea, na kama uko ukingoni tu, jambo linaloashiria kosa la utayarishaji. Aliyefundishwa kwa tishu za binadamu au ng'ombe anahitaji pia kusahau mambo kadhaa. Chembe nyekundu za damu ya samaki zina viini. Samaki hana tezi za limfu, na damu yake haitengenezwi katika uboho wa mifupa bali hasa katika sehemu ya mbele ya figo. Kwa sato, tishu ya kongosho imetawanyika ndani ya ini kuizunguka mishipa, na si uvimbe wala saratani. Katika wengu, figo na ini huonekana pia mafungu ya seli zenye rangi ya manjano hadi nyeusi, yaitwayo vituo vya melanomakrofaji, ambayo huongezeka kwa umri, kwa njaa na kwa uchafuzi, kwa hiyo kuyahesabu bila kujua umri wa samaki na hali ya mwili wake ni kazi bure.

Matamvua ndicho kiungo kinachosomwa mara nyingi zaidi na kusomwa vibaya mara nyingi zaidi. Kila upande wa kichwa una pinde nne za kupumulia, na kila upinde umebeba nyuzi nyingi zilizopangika kama meno ya chanuo, ambazo nazo zina vijani vidogo pande zote mbili, na ndani ya vijani hivyo damu hupita ikitenganishwa na maji kwa tabaka la seli moja au mbili tu. Tabaka hilo la juu huitwa epitheli. Likiudhiwa na amonia, vimelea au metali, huweza kuongeza seli, hali iitwayo haipaplasia, hadi nafasi kati ya vijani zikazibika na vijani kuungana. Samaki huyo hukosa hewa hata ndani ya maji yenye oksijeni ya kutosha. Epitheli huweza pia kuinuka na kuachana na mishipa yake, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa kuwa epitheli ya samaki mzima kabisa huinuka vivyo hivyo akicheleweshwa kabla ya kuhifadhiwa. Haipaplasia haiwezi kutokea baada ya kifo, kwa sababu kuongezeka kwa seli ni kazi ya mwili ulio hai. Kuinuka kwa epitheli kunaweza. Utafiti unaotangaza sumu ya mto kwa ushahidi wa kuinuka kwa epitheli peke yake, bila samaki wa kulinganisha waliochukuliwa kwa muda uleule na kwa mkono uleule, haujathibitisha lolote.

Uwezo halisi wa mbinu hii ulionekana katika ugonjwa wa sato uliojulikana duniani mwaka 2014. Katika mashamba ya Ecuador, wachunguzi waliona kwenye maini ya samaki waliokuwa wakifa kwamba seli kadhaa za ini zilikuwa zimeungana na kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi, umbo liitwalo sinsitiamu, na ugonjwa ukaitwa homa ya ini ya sinsitiamu. Mwaka huohuo watafiti wa Israel walieleza virusi vipya vilivyokuwa vikiua sato wao, ambako madhara yalionekana zaidi katika ubongo na macho, na miaka michache baadaye vipimo vya vinasaba vilithibitisha kuwa mambo hayo mawili yalitokana na virusi vimoja, vinavyoitwa virusi vya ziwa vya tilapia, yaani vya sato. Hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kwa chini ya takriban nanomita 200, kwa hiyo virusi vyenyewe havikuonekana kwayo. Kilichoonekana ni kazi yao ndani ya seli, na hiyo ilitosha kuelekeza utafutaji. Mwaka 2018 ikaripotiwa kwamba vinasaba vya virusi hivyo vimegunduliwa katika sato wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na wa Uganda, wasiokuwa na dalili za ugonjwa. Kipimo cha vinasaba hujibu kama virusi vipo, na slaidi ya ini hujibu kama vinaua. Wafugaji wa vizimba wanahitaji majibu yote mawili.

Katika masuala ya uzazi, tishu husema mambo ambayo jicho tupu haliwezi kuyaona. Kanuni za uvuvi wa sangara katika Ziwa Victoria zilikuja kuruhusu samaki wa urefu wa sentimita 50 hadi 85, kwa nia ya kuwapa wadogo nafasi ya kuzaa kwanza na kuwalinda wakubwa wanaotaga mayai mengi. Kanuni ya namna hiyo husimama juu ya kujua samaki hupevuka akiwa na urefu gani, na kwa kawaida jambo hilo hupimwa kwa kuipasua ovari na kuitazama. Tatizo ni kwamba ovari ya jike ambaye hajawahi kutaga na ya jike anayepumzika baada ya kutaga hufanana kwa macho. Katika slaidi hazifanani: aliyekwisha kutaga ana ukuta mnene wa ovari, mayai yaliyokwama yanayofyonzwa na mwili, na wakati mwingine vifuko vitupu vilivyobaki baada ya mayai kutoka, ingawa katika maji ya joto vifuko hivyo hutoweka upesi. Jike wa aina ya pili akihesabiwa kimakosa kuwa hajapevuka, urefu wa kupevuka huonekana mkubwa kuliko ulivyo, na kanuni hujengwa juu ya kosa hilo.

Korodani nazo zimetoa ushahidi mzito. Mwaka 1998 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba samaki wa mtoni aitwaye Rutilus rutilus, waliochukuliwa chini ya mitambo ya kusafisha majitaka, walikuwa na mayai yaliyoanza kukua ndani ya korodani, hali iliyohusishwa na homoni za kike zilizomo katika maji hayo. Kuanzia 2001 hadi 2003 watafiti wa Kanada walitia homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango katika ziwa dogo la majaribio huko Ontario, kwa kiasi cha nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita, na kundi la samaki wadogo wa ziwa hilo likakaribia kutoweka. Mabadiliko ya korodani yalionekana katika slaidi kabla idadi ya samaki haijaporomoka, na hiyo ndiyo faida kubwa ya histolojia kwa miji ya ukanda wa maziwa ambayo majitaka yake huishia ziwani: huonya mapema kuliko hesabu ya samaki waliovuliwa.

Ili onyo hilo liaminike, usomaji wenyewe unahitaji nidhamu. Mwaka 1999 mtafiti Bernet na wenzake walipendekeza utaratibu ambao kila badiliko hupewa uzito wa 1 hadi 3 kwa kadiri linavyodhoofisha kiungo, na alama ya 0 hadi 6 kwa kadiri lilivyoenea, kisha namba hizo huzidishwa na kujumlishwa. Utaratibu huo una faida, lakini namba hazimwondolei msomaji upendeleo, na anayejua slaidi ipi imetoka karibu na bomba la kiwanda ataona madhara zaidi katika slaidi hiyo bila kukusudia. Kwa sababu hiyo slaidi hupewa namba za siri, huchanganywa, na ikiwezekana husomwa na watu wawili wasioambiana. Kadhalika fomu ya sampuli inapaswa kujazwa palepale majini, ikiwa na saa ya kifo, saa ya kuhifadhi, njia ya kuua, joto la maji, urefu, uzito na jinsi ya samaki, wala isiachwe ijazwe maabara kwa kukumbuka.

Ripoti ya histolojia ya samaki isiyotaja muda uliopita kati ya kifo na uhifadhi, namna samaki alivyouawa na dawa iliyotumika haitoshi kuwa ushahidi wa kufunga kizimba, kushtaki kiwanda au kubadili kanuni za uvuvi, na mamlaka inayoletewa ripoti ya namna hiyo inapaswa kuirudisha kwa aliyeiandika.